Haikuwa Mvua, Nilikosea Mimi

Katika taarifa moja ya msimu niliyoiandika kuna sentensi isemayo kwamba mtama wa wakulima kadhaa wa kata niliyokuwa nikiihudumia mkoani Dodoma uliharibika kutokana na mvua hafifu. Mvua ya mwaka ule haikuwa mbaya. Mtama uliliwa na inzi, na walioumia zaidi ni wale walionisikiliza mimi, bwana shamba wao. Wakati naandika sentensi hiyo nilikuwa najua.

Inzi mwenyewe ni mdogo wa kijivu, mdogo kuliko inzi wa nyumbani ingawa ni wa familia moja naye. Kitaalamu huitwa Atherigona soccata, jina alilopewa na Mwitaliano Camillo Rondani mwaka 1871. Yuko Afrika, yuko Asia, yuko hata kusini mwa Ulaya. Mtama uliokomaa haushughulikii. Anautaka mche mchanga, tangu wiki ya kwanza baada ya kuota hadi kama ya nne. Jike hutaga yai jeupe, jembamba, upande wa chini wa jani, likalala sambamba na uti wa jani. Funza akianguliwa hutambaa hadi pale jani linapoungana na shina, huteremka ndani ya mche, hukata pale mche unapokulia, kisha hula kile kinachooza. Majani ya nje hubaki kijani, lile la katikati hunyauka. Ukilivuta linachomoka bila ubishi, na ncha yake inanuka.

Tulikuwa na mitego ya kuwahesabu: chupa za plastiki zilizotobolewa, ndani yake unga wa dagaa uliolowekwa. Inzi wa jenasi hii huvutwa sana na harufu ya samaki anayeoza. Kabla mvua hazijashika, chupa zangu zilijaa. Niliwamwaga kwenye sahani, nikawahesabu, nikawaingiza wote katika safu moja ya daftari: inzi wa mtama. Kisha nikaitisha mkutano nikawaambia watu wasipande na mvua za kwanza, wasubiri hadi mitego ionyeshe inzi wamepungua.

Mama mmoja wa makamo aliinuka. "Bwana shamba," alisema, "sisi tangu kwa wazee wetu mtama tunaupanda na mvua ya kwanza. Wa nyuma huliwa." Nilimjibu mbele ya watu wote kwamba takwimu zinaonyesha vingine. Sikumwuliza huo wa nyuma huliwa na nani, wala amelionaje hilo miaka yote. Neno lake lilikuwa utafiti, tena wa muda mrefu kuliko wangu, na mimi nililipuuza kwa sababu halikuandikwa kwenye jedwali.

Jenasi Atherigona ina spishi zaidi ya 200. Nyingi huishi kwenye nyasi za porini, na nyingine, kama Atherigona orientalis, huzaliana kwenye matunda na mboga zilizooza. Mtego wa dagaa hauchagui. Huwavuta wa kila aina, na wengi wao ni majike. Nao majike hao ni vigumu mno kuwatofautisha kwa macho. Wanaotambulika kwa uhakika ni madume, tena chini ya hadubini, kwa kutazama sehemu ndogo yenye vipande vitatu iliyo mwishoni mwa tumbo, ambayo umbo lake hutofautiana spishi kwa spishi. Kazi hiyo ilikwisha kufanywa zamani. Deeming alichapisha maelezo ya spishi za kaskazini mwa Nigeria mwaka 1971, na Pont akachapisha za Asia mwaka 1972. Maarifa yalikuwepo kabla sijatundika chupa ya kwanza.

Na hata bila hadubini kulikuwa na njia. Ningekata miche michache iliyonyauka, nikaiweka kwenye chupa iliyofunikwa kwa kitambaa, nikangoja inzi watoke humo. Anayetoka ndani ya mche wa mtama ndiye wa kuhesabiwa. Sikufanya.

Waliojaa mitegoni mwangu wengi wao hawakuwa na habari na mtama. Inzi wa mtama mwenyewe alikuwa bado haba. Mvua zinapoanza huwa wachache, huzaliana kwenye mtama wa kwanza, na baada ya wiki tatu hivi kizazi kipya hutoka. Wakati huo mtama wa mapema umekwisha kuwa mgumu, kwa hiyo wote huhamia kwenye miche ya aliyechelewa. Shauri langu liliwapeleka watu moja kwa moja kwenye wakati huo.

Mama yule alinitii. Shamba lake lilipoanza kunyauka aliniita: "Mwanangu, njoo uone." Alichomoa jani la katikati, akaniwekea kiganjani. Lilikuwa laini, limegeuka kahawia upande wa chini, na pale kwenye mche kulikuwa na funza wa njano. Nikamwambia huenda ni ukame. Miche ile ilitoa vichipukizi vya pembeni, navyo vikaliwa, na masuke yaliyotoka yalichelewa na yalikuwa membamba.

Hata wakubwa wa elimu hii wamewahi kuchanganya. Kwa miaka mingi mdudu mdogo kama mbu anayefanya mpunga wa Afrika utoe mirija badala ya masuke alidhaniwa ni yule wa Asia, Orseolia oryzae. Mwaka 1982 Harris na Gagné walionyesha kwamba wa Afrika ni spishi nyingine, wakamwita Orseolia oryzivora. Silitaji hili nipate kujificha nyuma yao. Kosa lile lilisahihishwa kwa maandishi, mbele ya kila msomaji. La kwangu nililisingizia mvua, na kwa kufanya hivyo niliacha shauri baya likiendelea kusimama kana kwamba ni sahihi.

Kuwafananisha inzi vibaya ni kosa la kutojua. Kumwambia mama yule ni ukame, huku funza nimemwona, ni uongo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nimemwendea nyumbani kwake nikamwambia ukweli wote, na nimeandika barua ya kuomba taarifa ile irekebishwe.

Ninaloomba sasa ni kwa wote waliochelewa kupanda kwa neno langu, na kwa maofisa ugani wanaolitumia bado. Acheni kungoja mitego. Pandeni mtama na mvua za kwanza, majirani wote kwa wakati mmoja, na miche iliyonyauka katikati ing'oeni mapema muichome, funza hawajageuka inzi.