Madarasa ya Awali Huku Kigera

Wazazi wa huku Kigera hutuuliza mara nyingi wampeleke mtoto darasa gani la awali. Nao kabla hatujajibu huanza kutaja wenyewe: shule fulani ina bati jipya, fulani kuta zake zimechorwa simba na tarakimu, na fulani watoto hukaa chini ya mwembe. Twaona kipimo hiki ni cha macho tu. Mtu anunuapo ng'ombe hatazami rangi peke yake. Hukitazama kiwele, akauliza habari za maziwa.

Yafaa wasomaji wakumbuke mambo yalivyofika hapa. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliagiza kila mtoto apate mwaka mmoja wa elimu ya awali, na tangu Januari 2016 ada ikaondolewa. Ndipo watoto wakamiminika. Katika nchi nzima walikuwa kama milioni 1.07 mwaka 2015. Mwaka uliofuata wakapita milioni 1.5. Vyumba havikuongezeka kwa mwendo huo, wala walimu. Kanuni yasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mwalimu wa huku akiisikia hucheka kidogo, kisha huendelea na kazi.

Wazee wengine husema Julius Nyerere wa Butiama alianza shule ya Mwisenge mwaka 1934 akiwa na miaka 12, wala hakupita darasa la awali. Ni kweli, lakini wenzake waliobaki nyumbani hatuwajui hata majina.

Tulizuru madarasa mawili, wala hatutayataja, maana walimu wake ni wenzetu. La kwanza lina chumba kizuri chenye picha. Ndani mlikuwa na watoto wapata 90, na mwalimu mmoja ambaye hufundisha darasa la pili pia. Alipokwenda huko, mtoto wa darasa la tano aliachiwa kazi ya kuwaimbisha a, e, i, o, u. Waliimba vizuri sana. Tulipomwonyesha mmoja wao herufi o peke yake, alianza wimbo upya tangu a mpaka akaifikia.

La pili ni banda la miti katika shule shikizi, kwa kuwa shule kubwa iko mbali mno kwa miguu ya mtoto wa miaka mitano. Watoto ni 40, sakafu ni udongo, na mwalimu ni kijana wa kijiji alipwaye na wazazi wawezapo. Watoto wale husikia Kikwaya au Kijita nyumbani. Naye huanza jambo kwa lugha hiyo, kisha hulivusha polepole mpaka Kiswahili. Huhesabu kwa kokoto za ziwani. Binti mmoja alitupangia kokoto saba, akatuuliza zitabaki ngapi tukichukua mbili. Hatukuzoea kuulizwa na mtoto wa umri ule.

Hata hivyo hatumlaumu mwalimu wa kwanza. Apewe watoto 40 naye atafanya yayo hayo. Twamjua tangu chuoni. Na kwake kuna uji. Bandani hakuna, na ifikapo saa nne watoto husinzia, wengine huondoka wenyewe, na njia yao hupita karibu na maji.

Siku hizi mzazi akituuliza, twamwambia aende mwenyewe, asimame mlangoni, ahesabu vichwa, kisha angoje aone mwalimu akiondoka ni nani abakiye. Baba mmoja alifanya hivyo. Akachagua banda, akaahidi debe la mtama kwa ajili ya uji, iwapo wenzake nao watatoa. Hata leo yamepatikana madebe matatu, sufuria bado.