Tusingoje Hadi Pumzi Ibane

Sisi akina mama tuliowekewa valvu bandia moyoni tunajuana kwa mlio. Usiku, watoto wakishalala na nyumba ikatulia, kifua hulia ti, ti, ti kama saa ya mkononi. Wengi wetu tulianza na maumivu ya koo ya utotoni, yakaja na homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu valvu tulizozaliwa nazo.

Baada ya upasuaji tunarudi nyumbani, tunapika, tunafua, tunalea. Hapo ndipo majaribu huanza. Tukijisikia wazima, nauli ya kliniki tunaona afadhali inunue madaftari ya watoto. Lakini valvu bandia yaweza kuanza kuharibika bila kuuma. Damu inaweza kuganda juu yake, viini vya ugonjwa vikaishambulia, au damu ikavuja pembeni mwa mshono.

Kipimo cha eko ndicho kinachoyaona hayo. Hutumia mawimbi ya sauti, kama kile kinachomwonyesha mtoto tumboni, wala hakina mionzi. Kilianzia Uswidi mwaka 1953, Inge Edler na Hellmuth Hertz walipouchunguza moyo kwa mawimbi hayo. Daktari hutazama valvu inavyofunguka na kufunga, kisha hupima mwendo wa damu. Njia ikiwa finyu, damu hukimbia zaidi, kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole. Picha ya kwanza baada ya upasuaji hutunzwa ili za baadaye zilinganishwe nayo. Wakati mwingine valvu hutupa kivuli kinachoficha picha. Hapo tunamezeshwa kipimo chembamba, kiutazame moyo kwa nyuma. Hakifurahishi, lakini koo hutiwa ganzi.

Basi, akina mama wenzetu, mlio ukififia, pumzi ikibana, miguu ikivimba au homa ikikawia, twende hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia damu kuganda tusiiache kwa uamuzi wetu wenyewe. Anayetamani mtoto azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, kwani wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kuiacha ovyo kunaweza kuiziba valvu.

Nawe mwenye moyo mzima, jirani yako akiwa na valvu kama zetu, mshikie watoto siku ya kliniki. Huo ni msaada mkubwa kwetu.