Mshkaji aomba hela ya mchezo ya bi mkubwa akanunue kompyuta mpya ya gemu, aulizwa swali moja tu

Wadau wa gemu, hii inawahusu. Na nyie mnaowakopesha wadau wa gemu, inawahusu zaidi.

Vijana wengi mjini kompyuta zao hazijafa. Kuna kitu kimoja tu ndani kimeelemewa, ila wao wanakimbilia kubadilisha kingine. Hela inakwenda, gemu inaendelea kukwama, na aliyetoa hela anadanganywa. Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana mmoja wa Tabata, miaka 24, anayeishi na mama yake. Bi mkubwa anauza chapati na maharage asubuhi, kibanda kiko hapo hapo nje ya geti.

Mashine ya jamaa ni Dell OptiPlex 7010, zile kompyuta za mezani zilizotumika maofisini huko nje halafu zikaja Kariakoo kama mtumba. Ndani ilikuwa na prosesa ya Core i3-3220. Kwa kuandika barua na kuangalia muvi haina shida hata kidogo. Lakini jamaa alitaka kucheza GTA V, arekodi vipande, aposti TikTok, maana aliona wenzake wanakusanya wafuasi kwa njia hiyo na yeye hana ajira.

Mwaka jana bi mkubwa akampa laki tatu anunue kadi ya grafiki. Akachukua GTX 1050 Ti. Chaguo halikuwa baya. Kadi ile inakula kama wati 75 tu, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme, kwa hiyo mashine ya ofisi yenye pawasaplai ndogo inaimudu. Akaichomeka, akawasha gemu. Gari likiwa porini, safi. Likiingia mjini kwenye watu na magari mengi, picha inakwama, inaruka, inakwama tena. Fremu 40 kwa sekunde, mara 22, mara 35.

Mama akapita mlangoni. "Vipi mwanangu, imekubali?"

"Imekubali mama. Iko vizuri sana."

Haikuwa imekubali. Na kuanzia siku hiyo jamaa akawa anacheza mlango umefungwa. Akisikia kandambili za mama koridoni, anasimamisha gemu haraka, kioo kionyeshe picha imetulia. Mwaka mzima hivyo. Hakuna hata kipande kimoja alichoposti.

Sasa mwezi uliopita zamu ya bi mkubwa kwenye mchezo ikafika. Laki sita. Mpango wake ulijulikana nyumba nzima: mtungi mkubwa wa gesi na jiko la plate mbili, kwa sababu mkaa unamla faida yote na moshi unamla macho. Jamaa naye akavizia mama amemaliza kuhesabu, akaomba laki tano. Anataka kompyuta nyingine kabisa.

Bi mkubwa hakupiga kelele. Akauliza tu, "Mwaka jana tatizo lilikuwa kadi. Ukaniambia imekubali. Sasa hii mpya ni ya nini?"

Hapo kijana akabaki kimya mpaka kimya chenyewe kikajibu. Mwisho akafunguka, kwamba haikuwahi kukubali, na kwamba aliona aibu kusema.

"Ungesema siku ile ile," mama akamwambia. "Sasa sikunyimi, ila nionyeshe kwanza nani anachelewesha. Mimi chapati zikichelewa siendi kununua jiko kabla sijaangalia."

Ukiangalia kibanda chake utaelewa. Kuna binti anayesukuma chapati, na kuna mama anayechoma. Binti akizidiwa, hata ukiweka majiko matatu, yatakaa yanawaka bure. Jiko likiwa dogo, hata ulete wasukumaji watano, chapati mbichi zitajaa mezani.

Kompyuta ya gemu iko hivyo hivyo. Prosesa ndiyo inayosukuma: inaamua kila gari liende wapi, kila mtu barabarani afanye nini, halafu inapeleka kazi kwenye kadi. Kadi ya grafiki ndiyo inayochoma: inachora hiyo picha unayoiona. Mmoja akichelewa, wote wamechelewa.

Namna ya kumjua aliyechelewa ni bure kabisa. Jamaa alicheza GTA V kwa ukubwa wa picha wa 1920 kwa 1080, akaandika fremu zake: zilizunguka 33. Kisha akashusha mpaka 1280 kwa 720. Ukishusha hivyo, kadi inapata picha ndogo ya kuchora, yaani chapati zimekuwa ndogo na jiko limepumzika. Kama jiko ndilo lenye tatizo, fremu lazima zipande. Zake zikasoma 34. Akafungua Task Manager ya Windows: prosesa imegonga asilimia 100, kadi iko chini ya 50.

Saa nne usiku akamwita mama aje kuona. Bi mkubwa akaja na kanga yake, akainama kwenye kioo.

"Kwa hiyo anayesukuma ndiye amezidiwa."

"Ndiyo mama."

"Na lile jiko nililokupa hela mwaka jana lilikuwa zima?"

"Zima kabisa. Lilikuwa linasubiri chapati."

Mama akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo yale yaanze.

Na ushahidi ulikuwepo siku zote. GTA V ilipokuja kwenye kompyuta mwaka 2015, watengenezaji walitaja prosesa wanayopendekeza: Core i5-3470, yenye kori 4. Hata ile ya kiwango cha chini waliyoitaja, Core 2 Quad Q6600, ina kori 4. Ya jamaa ina kori 2. Wasukumaji wawili kwenye foleni ya watu wanne.

Kesho yake akaingia Kariakoo na laki moja na nusu, siyo tano. Duka la kwanza muuzaji akamtolea i7 ya kizazi cha 4. "Chukua hii mdogo wangu, ni mpya kuliko hiyo unayotaka." Ni kweli ni mpya zaidi, ila madabodi ya OptiPlex 7010 ina soketi ya LGA 1155, na kizazi cha 4 kinakaa kwenye LGA 1150. Haiingii. Ukilazimisha, unapinda pini ndogo zilizoko kwenye madabodi, na hapo umeua mashine nzima. Jamaa akashukuru akaondoka. Duka la pili akapata i7-3770 iliyotumika, kwa laki moja na kumi, ikajaribiwa mbele yake kabla hajatoa hela. Hiyo ni ya mwaka 2012, kizazi cha 3 kama yake ya zamani, soketi ile ile, ila ina kori 4 na inabeba nyuzi 8 za kazi kwa wakati mmoja.

Kufunga kulifanyika mezani kwa mama, bi mkubwa ameshika tochi ya simu. Umeme umechomolewa ukutani. Feni na chuma chake vikatoka, dawa ya joto iliyokauka ikafutwa kwa spiriti, kimkono cha soketi kikainuliwa, prosesa ya zamani ikatoka, mpya ikawekwa bila kusukumwa, vile vipengele vyake viwili vya pembeni vimekaa sawa. Dawa mpya kiasi cha punje ya harage dogo katikati. Usiruke hiyo dawa hata siku moja, kwa sababu i7-3770 ina kiwango cha wati 77 wakati i3 ile ina 55, na joto likizidi prosesa inajipunguzia kasi yenyewe.

Wakawasha. Mjini kati, magari kibao, fremu 58, 60, 57. Mlango wazi.

Tusidanganyane lakini. Gemu bado inachukua muda kufunguka, kwa sababu diski ni ile ya zamani inayozunguka. Gemu nzito za miaka hii bado zitamshinda. Na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, kwa hiyo huyu i7 hayumo kwenye orodha. Ametengeneza mashine ya kumsogeza miaka miwili mitatu, basi. Hayo yote kamwambia mama siku hiyo hiyo, kabla hata hajaulizwa.

Bi mkubwa kanunua jiko lake la plate mbili na mtungi, chenji imebaki. Kipande cha kwanza cha TikTok kimepanda wiki iliyopita, kina watazamaji 61, na mmoja wao anauza chapati Tabata.

Kwa wewe unayetaka kubadilisha prosesa: pima kwanza, jua soketi yako, halafu ndiyo utafute hela. Na kwa wewe uliyewahi kupewa hela na mtu ukamwambia "imekubali" wakati haijakubali, ulikuja kumwambia ukweli au bado unafunga mlango? Funguka hapo chini.