Juma Zima Lamu Pamoja na Wajukuu Watatu

Mji wa Lamu ulijengwa karne nyingi kabla ya gari kuzaliwa, na vichochoro vyake mpaka leo havijaona haja ya kujipanua. Mizigo hubebwa kwa punda na kwa mikokoteni ya mkono, na watu hupishana bega kwa bega baina ya kuta za mawe ya matumbawe. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia, na wageni huja kutoka mbali kuitazama milango yake ya nakshi. Lakini mwenye kutaka kuujua mji huu sawasawa, na afuatane na watoto wadogo. Wao hawatazami nakshi. Humtazama paka aliyelala chini ya mlango, kisha huuliza mwenye mlango ni nani, na kwa nini paka hakukaribishwa ndani.

Katika likizo ya Agosti tulijaaliwa kukaa huko juma zima, sisi na mama wa nyumba yetu, pamoja na wajukuu watatu: msichana wa miaka 9, nduguye wa miaka 6, na mvulana wa miaka 4. Mama yao alibaki Mombasa kwa ajili ya kazi. Baba yao, ambaye ni mwanetu, yuko Doha, Qatar, kwa mkataba wa miaka 2, na wakati huo hata mwaka wa kwanza ulikuwa haujatimia.

Kwa njia ya bara, msafiri wa Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, mpaka gati la Mokowe. Hapo nchi kavu humalizika, abiria hushuka na kuingia botini. Yule mdogo alipoona basi linaachwa ufukoni, aligeuka akauliza kwa huzuni, "Babu, basi letu litalala na nani?" Nahodha akamtuliza kwamba mabasi hulala pamoja na mabasi wenzao.

Tulifikia kwa jamaa zetu, mtaa wa Mkomani. Katika nyumba za kale za Lamu, pahali pa kuogea pana birika la kuhifadhia maji, na ndani yake hufugwa samaki wadogo wapate kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika huwekwa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wasikose pa kukaa. Asubuhi ya Jumapili, yule wa miaka 6 aliingia kuoga akatoka mkavu, leso kajifunga vile vile. Bibi yake akamwuliza kulikoni. Akajibu kwa sauti ya chini, "Bibi, mle ndani kuna watu wananitazama."

Nyumba nzima ilisimama. Kumbe ni samaki wawili! Bibi yake hakumcheka. Alichukua ungo, akalifunika birika, akatangaza, "Haya, wamefumba macho." Mtoto akaoga. Tangu hapo kila mwenye kuingia aliamriwa kufunika ungo kwanza, na babu mtu hakusamehewa.

Tulikumbuka hapo habari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ambaye pamoja na uzito wa mambo yaliyomkabili, alipata wasaa wa kumwuliza Abu Umayr, mtoto mdogo, habari za kindege chake kilichokuwa kimekufa. Kindege ni kitu kidogo kwa mtu mzima. Kwa mtoto huyo kilikuwa msiba kamili.

Siku ya Jumatatu mkubwa wao aliomba kwenda peke yake kununua mahamri. Kwao Mombasa wanaishi katika jengo lenye lango na mlinzi, na hajapata kutumwa dukani bila mtu mzima. Bibi yake alikubali, kisha akasimama dakani asiketi. Msichana hakuwa amerudi bado, nasi tayari tulikuwa na habari zake zote. Mzee wa barazani alimwita akamwuliza, "Mtoto wa nani wewe?" akamfundisha kutoa salamu kabla ya kupita. Mama mmoja alimrekebisha mtandio. Mwenye punda alimpigia kelele, "Similani!" naye akajibanza ukutani. Alirudi uso umenawiri, mahamri 10 mkononi, na nyuma yake watoto watatu wa mtaa waliomsindikiza wasijuane naye hata jina. Tangu hapo mdogo wake hakupita ukumbini bila kupaza sauti, "Similani!" na siku moja aliipaza msikitini, wazee waliokuwa wakitafuta viatu wakampisha huku wakitabasamu.

Jumatano tuliwapeleka kwenye Ngome ya Lamu, iliyoanza kujengwa 1813 ikamalizika 1821. Kwa miaka mingi ngome hiyo ilikuwa gereza, hadi 1984, na leo iko mikononi mwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mwenye kutuongoza alieleza kwamba wafungwa walikaa humo mpaka muda wao uishe, ndipo wakarudi kwa watoto wao. Mvulana alinyamaza. Tulipofika ngazini alishika kanzu yetu akauliza, "Babu, na Baba muda wake utaisha lini?"

Dada yake alimjibu upesi, "Baba hakufungwa, yuko kazini."

"Basi mbona hawaachi arudi?"

Maneno hayo ameyaokota nyumbani, moja moja: mkataba haujaisha, ruhusa haijatoka, bado miezi kadha. Mtoto wa miaka 4 huyapanga maneno ya wakubwa kwa akili aliyo nayo, na jengo analolijenga hakuna alionaye mpaka afungue kinywa. Bibi yake aliketi kwenye kidato cha ngazi, akampakata. "Baba yako alikwenda kwa miguu yake," akamwambia, "na ufunguo wa mlango anao yeye mwenyewe."

"Nani humpikia?"

"Hujipikia."

"Baba hajui kupika."

Bibi alicheka, kwani ni kweli, na aliyemlea ni yeye. Kisha akajifuta macho kwa pindo la leso.

Alhamisi usiku simu ilipopigwa, Bibi alimweleza mwanawe kisa chote kabla ya kumpa mtoto. Baba mtu hakusema mengi. Aliizungusha simu chumbani kwake: hiki kitanda, hili jiko, hii sufuria ya wali. Kisha akauendea mlango, akaufungua, akatoka nje, akarudi ndani. Mvulana alisogeza uso karibu. "Fungua tena," akasema. Baba akafungua tena. Alifungua mara tatu, na usiku ule mtoto alilala mapema kuliko siku zote.

Nyumba nyingi za pwani yetu zina mume, baba au ndugu aliyevuka bahari kutafuta riziki ya halali. Huzungumza na watoto kila wiki, wakawauliza kama wamesoma na kama wamekula. Na waongeze hili: wawaonyeshe watoto mahali wanapolala, chombo wanachopikia, na mlango wanaoufungua wenyewe. Swali la mtoto linapotuchekesha, tucheke, kisha tukae tulisikilize mpaka mwisho, kwani huenda amelibeba siku nyingi.

Ijumaa jioni, tulipokuwa tukifunga mizigo, mvulana alituletea kashata mbili alizozifunga ndani ya kofia yake, moja imemegwa pembeni. Alisema ni za Baba, mpaka ajue kupika. Zimepata msafiri wa kuzipeleka, alhamdulillahi. Mwenyezi Mungu awarudishe salama wote walio mbali na watoto wao. Amin.