Doa Kwanza, Dawa Baadaye

Tanga,
Jumapili.

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo. Baba yako goti limepata nafuu, na ameanza tena kulalamikia chumvi kwenye mchuzi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Nimefurahi kusikia umeshahamia Kigamboni na nyumba ina choo chake cha ndani.

Uliniuliza kwenye simu ununue dawa gani ya choo. Nimeona nikuandikie, maana ukiuliza dukani utajibiwa kwa harufu: hii ya limau, hii ya waridi. Harufu haisafishi kitu. Tazama kwanza doa lenyewe ni la nini.

Umesema sinki la choo lina mstari wa kahawia pale maji yanapotuama, ukamimina JIK, ile dawa ya klorini, mstari ukapauka, na baada ya siku chache umerudi vile vile. Basi huo si uchafu wa kawaida, ni jiwe. Maji ya visima vingi vya pwani yetu yamepita kwenye miamba ya matumbawe yakabeba chokaa. Ndiyo maana sabuni haitoi povu na birika lako lina utandu mweupe ndani. Chooni chokaa hiyo hujijenga kidogo kidogo, inanasa kutu na mkojo, mwisho inakuwa kahawia. JIK inaua vijidudu na kupausha rangi. Jiwe inaliacha pale pale. Tena kama kahawia ile ni kutu, JIK huikoleza badala ya kuiondoa.

Chokaa huondolewa na asidi. Kama huamini, weka kipande cha ganda la yai ndani ya siki uone linavyotoa mapovu. Dawa nyingi za choo zile nzito, za chupa yenye shingo iliyopinda, zina asidi hidrokloriki. Harpic ya kawaida ni ya namna hiyo, lakini ipo pia Harpic yenye klorini, jina moja na chupa karibu zinafanana. Kwa hiyo usisome jina, geuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma. Chupa isiyo na maandishi, isiyo na alama ya ubora ya TBS, ile wanayopitisha mitaani ndani ya chupa za maji ya kunywa, iache hata kama ni ya bure. Na fundi akikushauri asidi ya betri, mshukuru na umtolee chai, ila asidi yake aondoke nayo.

Namna ya kutumia: vuta maji kwanza. Kisha chukua brashi usukume maji yaliyotuama yapungue, ili dawa ikutane na jiwe lenyewe na isiishie kuzimuliwa. Zungushia dawa chini ya ukingo wa juu, iteremke yenyewe. Ipe muda ulioandikwa kwenye chupa. Watu wengi humwaga na kusugua papo hapo, halafu wakasema dawa haifai. Sugua, vuta maji. Kwa mstari mkongwe kama wako huenda ukarudia mara kadhaa, na hakuna ubaya. Usichukue msasa wala sugulio la chuma la masufuria. Kauri ikishakwaruzika ule mng'ao wake haurudi, na uchafu hushika kuliko mwanzo. Angalia pia asidi isidondoke kwenye sakafu ya terazo wala kwenye saruji ya kati ya vigae, kwa sababu nayo ina chokaa na italiwa.

Sasa hili nataka ulisome polepole. JIK na asidi zisikutane. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ile ile ambayo Wajerumani waliwafungulia askari wa adui huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Choo chako ni chumba kidogo chenye kidirisha cha juu, na anayesugua ameinamisha uso ndani ya sinki. Haitoshi kusema hukuzichanganya kwenye ndoo. Ukimwaga moja wakati nyingine bado ipo kwenye sinki, umezichanganya. Siki na ndimu nazo ni asidi, usidhani kwa kuwa ni za jikoni zina huruma. Macho yakianza kuwasha na kifua kukaza, toka nje uache mlango wazi, wala usirudi eti umalizie kuvuta maji. Kifua kisipotulia, nenda hospitali.

Binti anayekusaidia kazi umweleze haya kwa mdomo wako, umpe glovu, umwambie afungue dirisha. Sisi wenye nyumba tuna tabia ya kukabidhi chupa mbili na kusema "choo king'ae", halafu msichana wa watu anazitia zote kwa kutaka kutufurahisha. Akidhurika, lawama ni yetu. Na dawa ibaki katika chupa yake, juu asikofika mtoto. Mtoto akiinywa, msimtapishe. Msafisheni mdomo, mkimbilieni hospitali na chupa mkononi.

Kuna jambo moja linaweza kukupunguzia kazi hii yote. Chungulia kama tangi la kuvutia maji linavuja. Tia ndani yake matone ya rangi ya chakula, usivute maji, rudi baada ya nusu saa hivi. Rangi ikionekana kwenye sinki, mpira wa ndani umechoka, na maji yanachirizika usiku kucha yakiacha chokaa yake njiani. Mwite fundi bomba abadilishe mpira, vinginevyo utasugua mwaka mzima. Vile vidonge vya bluu vya kutumbukiza tangini usivinunue kwa sasa. Vinapaka maji rangi, na jiwe hulioni.

Kwa kuwa maji yenu taka yanakwenda kwenye karo, klorini nyingi kila siku si rafiki. Mle ndani kuna bakteria wanaomeng'enya kinyesi, nao wanakufa kama wengine. Brashi na sabuni ya maji kila baada ya siku mbili tatu zinatosha. Asidi itumie chokaa inapoonekana.

Basi kesho ukipita dukani nunua chupa moja ya dawa ya asidi, glovu na brashi ngumu, usiongeze kitu kingine. JIK iliyobaki itoe chooni, ufulie vitambaa vyeupe vya jikoni. Msalimie mumeo, na mjukuu wangu mumlete wakati wa Idi.

Ni mimi,
Shangazi yako.