Barua Ndani ya Kiatu

Jamani, mwaka 2015 tulikuwa Philadelphia, sote raia, kipato cha kuungaunga. Bima yetu ilikuwa Healthy PA, mpango wa gavana Tom Corbett ulioanza Januari. Februari hiyo hiyo gavana mpya, Tom Wolf, akatangaza unafutwa, watu wahamishiwe Medicaid ya kawaida.

Barua yetu niliikuta ndani ya kiatu cha mume wangu! “Nitamwambiaje mama nalelewa na serikali?” Kumbe hata Healthy PA ilikuwa pesa za Medicaid. Usipochagua kampuni unapangiwa, na daktari wangu wa kisukari huenda asiwemo.

Nilinuna siku mbili. Msamaha hakuomba, ila alikaa na simu sikioni, akiwatajia jina la daktari herufi moja moja.