Umbali Mmoja, Vipimo Viwili

Kwa muda sasa nahangaika na neno moja: umbali. Nafasiri, kwa raha zangu tu, makala ya wanafalaki (siwaiti wanajimu, jina hilo wameshalitwaa wapiga ramli), na nimekuta kwamba kwao galaksi moja yaweza kuwa na umbali zaidi ya mmoja. Ile ambayo mawimbi ya nuru yake yametanuka maradufu hadi kutufikia, ukiipima kwa mwangaza huwa mbali mara nne kuliko ukiipima kwa upana wa umbo lake angani. Mara nne! Mfasiri afanyeje?

Mvuvi wa usiku anavijua vipimo vyote viwili. Chombo kikiwa mbali, karabai yake hufifia, na chenyewe huonekana kidogo. Baharini hesabu hizo humpa jawabu moja. Katika ulimwengu unaotanuka hutengana, lakini si ovyo. Mwaka 1933 mwanahisabati Ivor Etherington alionyesha kwamba uwiano wake ni mraba wa kiasi mawimbi yalivyotanuka, vyovyote anga litakavyopinda, mradi nuru isipotee njiani.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba supanova za mbali ni hafifu kuliko ilivyotarajiwa, na wataalamu wakahitimisha kuwa ulimwengu unazidisha kasi ya kutanuka. Je, ikiwa ni vumbi tu limemeza nuru? Vumbi hufifiza taa, halipunguzi upana wa chombo. Basi mwaka 2004 Bruce Bassett na Martin Kunz wakaulinganisha umbali wa supanova na ule unaotokana na upana wa galaksi za redio. Baadaye wengine wakatumia makundi ya galaksi, tena na alama ya mawimbi ya sauti ya kale iliyosalia katika mtawanyiko wa galaksi, yenye urefu wa miaka ya nuru kiasi cha milioni 490. Ufa uliothibitika haujaonekana, ingawa vipimo vyenyewe bado havijawa vikali kiasi cha kufunga mjadala.

Sahibu yangu mmoja, mjuzi wa lugha, alinishauri kimoja nikiite umbali na cha pili masafa. Nimekataa. Msomaji atadhani ni vitu viwili, na hapo atajiuliza kwa nini watu wazima wahangaike kuvilinganisha. Nimeandika umbali wa nuru na umbali wa umbo.